Watu wa Bagamoyo: Asili Nyingi za Mji Mmoja

Mji wa Bagamoyo ni mdogo. Uko pwani, kaskazini ya Dar es Salaam, na mtu aweza kuutembea kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho katika asubuhi moja. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 mji huu ulikuwa mlango wa bara: njia ndefu ya misafara, iendayo Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, ilianzia hapo na ikaishia hapo. Penye mlango hukutana watu wengi, na watu wakikutana muda mrefu huacha nyuma yao nyumba, makaburi, watoto na maneno.

Mwanafunzi akiuliza, "Watu wa Bagamoyo ni kabila gani?" atapata majibu mengi. Mmoja atamwambia kwamba wenye mji ni Washomvi. Wa pili atawataja Wazaramo, Wakwere na Wadoe. Wa tatu atakumbuka Waarabu na Wahindi waliojenga nyumba za mawe. Wa nne, kama ni mkweli na hana haya, atawataja pia watu waliofika hapo wakiwa wamefungwa shingoni. Majibu yote hayo yana ukweli ndani yake. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi makundi hayo yalivyokutana, nani alihesabiwa kuwa mwenyeji na nani aliitwa mgeni, na jinsi mpaka kati ya wawili hao ulivyohamishwa mara kwa mara. Naamini kwamba katika kuhamahama kwa mpaka huo ndimo ilimo historia ya mji wenyewe.

Wenye mji

Kilomita chache kusini ya Bagamoyo yapo magofu ya Kaole. Hapo pana misikiti ya kale na makaburi, baadhi yake yenye nguzo, nayo yatuthibitishia kwamba jamii ya Kiislamu iliyofanya biashara ya bahari ilikaa katika pwani hii tangu kiasi cha karne ya 13. Bagamoyo yenyewe ilipata nguvu baadaye, Kaole ilipokwisha kufifia.

Waliojiita wenye mji wa Bagamoyo walikuwa Washomvi. Masimulizi yao yasema kwamba wazee wao walitoka Barawa, katika pwani ya Somalia, wakashuka kusini na kufanya makao sehemu mbalimbali za pwani ya Mrima. Masimulizi ya namna hii yanapatikana katika miji mingi ya Waswahili, mengine yakitaja Barawa, mengine Shirazi. Yatupasa kuyasoma kwa heshima na kwa makini pia. Yana kumbukumbu ya kweli ya safari za baharini na undugu baina ya mji na mji. Lakini pia yalikuwa hati ya cheo. Mtu aliyeweza kutaja asili ya mbali alidai haki ya kukaa mbele msikitini na katika karamu. Masimulizi hayo huhesabu ukoo kwa akina baba waliokuja na jahazi, na aghalabu huwanyamazia akina mama waliokuwapo nchini. Nao akina mama hao, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wa bara ya karibu. Kwa hiyo Mshomvi na Mzaramo, hata walipogombana, waligombana kama watu walio na wajomba kwa wenzao.

Jambo hili laonekana pia katika habari za Pazi. Yasimuliwa kwamba Washomvi walipovamiwa na Wakamba waliomba msaada kwa Pazi, kiongozi wa Wazaramo. Pazi akawafukuza Wakamba, na tangu hapo Washomvi wakawajibika kuwatolea Wazaramo ada. Hebu mwanafunzi na apime jambo hili. Wale waliojiita wenye mji walikuwa wakitoa ada kwa majirani ili wakae kwa amani. Ni nani basi aliyekuwa mwenyeji, na ni nani mgeni? Mshomvi angejibu kwamba mji ni wake. Mzaramo angejibu kwamba nchi ambayo mji umejengwa juu yake ni yake. Kila mmoja alijua jibu la mwenziwe, na wakaendelea kuishi pamoja.

Uongozi wa mji ulikuwa mikononi mwa majumbe. Cheo cha ujumbe kilikuwa na ada zake: aliyekitaka hakuwa na budi kuwalisha watu na kuwapa majumbe wenziwe haki zao. Mambo hayo tumeelezwa vizuri na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa sehemu za Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903. Katika habari zake twaona kwamba heshima ya mji ilitafutwa kwa kutoa mali, na haikupatikana kwa nasaba peke yake.

Waliokuja kwa bahari

Seyyid Said alipoimarisha utawala wake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mkono wake uliifikia pia Mrima. Bagamoyo ilipokea Waarabu wa Omani, baadhi yao wakiwa wafanya biashara na wengine wenye mashamba ya minazi. Pamoja nao walikuja Wabaluchi, askari wa Sultani, chini ya jemadari wao. Kutoka Hadhramaut walikuja Washihiri, ambao wengi wao walikuwa watu wa kazi ndogondogo na biashara ndogo, na Waarabu wa Omani hawakuwahesabu kuwa sawa nao. Tusidhani, basi, kwamba neno "Waarabu" lilikuwa na maana moja. Ndani yake mlikuwa na bwana na mchukuzi.

Hali kadhalika neno "Wahindi". Walikuwapo Banyani, wafuasi wa dini ya Kihindu, ambao zamani hizo wengi wao walikuja bila wake zao na kukusudia kurudi kwao. Walikuwapo Khoja na Bohora, Waislamu wa Kishia wa madhehebu mbalimbali, ambao walileta jamaa zao, wakajenga nyumba za ibada na kuzika maiti wao hapo. Baadaye waliongezeka Wagoa, Wakristo waliotoka katika koloni la Wareno huko Bara Hindi. Wahindi ndio walioshika mikopo: Mwarabu au Mswahili aliyekwenda bara kutafuta pembe za ndovu, aghalabu alikwenda na nguo na shanga alizokopeshwa na Mhindi. Hivyo mwenye bendera alikuwa mmoja, mwenye fedha mwingine, na mwenye kujua njia mwingine tena.

Miongoni mwa Wahindi hao alijulikana sana Sewa Haji Paroo, Khoja wa madhehebu ya Ismailia, aliyefanya biashara ya kuandaa misafara kwa kuwapatia wasafiri bidhaa na wapagazi. Kabla ya kufa kwake mwaka 1897 alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali na shule, na shule aliyoitoa Bagamoyo aliikusudia kwa watoto bila kubagua rangi. Katika zama ambazo watawala walikuwa wakijenga kuta kati ya rangi na rangi, nia hiyo yastahili kukumbukwa. Yastahili kukumbukwa pia kwamba utajiri huo ulitokana na biashara iliyobebwa juu ya mabega ya wapagazi. Mambo yote mawili ni kweli, na mwalimu asimfiche mwanafunzi moja kwa ajili ya jingine.

Waliokuja kwa miguu

Kila mwaka, wakati wa kiangazi, makumi ya maelfu ya wapagazi walishuka pwani, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Walileta pembe za ndovu, wakangoja wiki au miezi, kisha wakarudi na nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Katika miezi hiyo Wanyamwezi waliweza kuwa wengi kuliko wakazi wa mji wenyewe. Walikuwa watu huru, wenye ujira na mapatano yao, na walijua kugoma wakidhulumiwa.

Hapa yafaa kutaja jina la mji. Husemwa kwamba jina Bagamoyo latokana na maneno "bwaga moyo". Wengine hueleza kwamba ni majonzi ya mtumwa: auache moyo wake hapa, kwani mwili unavushwa bahari. Wengine hueleza kwamba ni faraja ya mpagazi: autue moyo pamoja na mzigo, kwani safari imekwisha. Maelezo ya kwanza yametangaa sana, hasa kwa wageni. Lakini wengi waliofika Bagamoyo kwa miguu walikuwa wapagazi huru, na bandari kubwa ya kusafirisha watumwa katika pwani ya kusini ilikuwa Kilwa Kivinje. Kwa sababu hiyo maelezo ya pili yana nguvu zaidi. Kusema hivyo si kuupunguza uzito wa utumwa, maana watumwa walipita Bagamoyo, na wengi walibaki humo kufanya kazi mashambani na majumbani.

Mnyamwezi alipofika mjini aliitwa mshenzi. Neno hilo halikuwa jina la kabila. Lilikuwa jina la mtu yeyote wa bara ambaye, kwa macho ya watu wa pwani, hakuwa na dini yao, mavazi yao wala adabu yao. Kinyume chake kilikuwa muungwana. Bagamoyo ilijua fika kwamba mali yake yatoka kwa hao iliowaita washenzi, na bado haikuona haya kuwaita hivyo. Lakini ukuta huo ulikuwa na mlango. Mnyamwezi aliyekaa, akasilimu, akavaa kanzu, akaoa mjini na kuingia katika chama cha ngoma, alianza kuhesabiwa kuwa mtu wa mji, na wanawe walihesabiwa hivyo zaidi. Ngoma na karamu hazikuwa mchezo tu. Palikuwa ndipo mahali pa kudai haki ya kuonekana. Waliokwisha kuingia mara nyingi ndio waliosimama mlangoni kuwazuia waliokuja nyuma yao.

Waliokuja bila kutaka

Sasa tuwataje wale ambao hadithi nyingi za asili huwaacha nje. Watu kutoka Manyema katika Kongo ya mashariki, na kutoka nchi nyingine nyingi za bara, waliletwa Bagamoyo wakiwa watumwa. Waliitwa kwa majina mapya, na baba zao hawakutajwa tena. Walilima minazi, walichukua mizigo, walipika na kulea watoto wa mabwana. Wanawake wengine walifanywa masuria, na watoto wao wakaitwa kwa kabila la baba. Hivyo damu ya watu walioletwa kwa nguvu imo ndani ya koo zinazojihesabu kuwa za heshima kubwa.

Mwaka 1868 mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu, kutoka Ufaransa, walianzisha misheni Bagamoyo na kujenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Wengi walikuwa watoto. Walitoka katika makabila yasiyojuana lugha, wakakua wakisema Kiswahili, wakaoana, na baadhi yao baadaye walipelekwa kuanzisha vijiji vya Kikristo bara, kama Mhonda na Mandera. Hawakuwa watumwa tena, lakini waliishi chini ya amri za mapadre katika kazi, sala na ndoa. Hivyo ukatokea katika mji wa Kiislamu ujirani wa Wakristo ambao kabila lao la kwanza lilikuwa limepotea. Misheni hiyo ndiyo iliyoipokea maiti ya David Livingstone mwezi Februari 1874, ilipoletwa na akina Chuma na Susi.

Hakuna maisha yanayoonyesha mageuzi ya Bagamoyo vizuri kuliko maisha ya Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Shehe Ramiya. Alizaliwa Manyema, akakamatwa angali mtoto, akaletwa Bagamoyo na kuwa mtumwa katika nyumba ya Amiri bin Suleiman al-Lamki, Mwarabu wa cheo ambaye alikuwa liwali wakati wa Wajerumani. Ramiya alisoma dini, akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, na akawa khalifa wa tarika ya Qadiriya. Chini yake Bagamoyo ikawa kituo kikubwa cha tarika hiyo, na watu wa asili zote walikusanyika katika dhikiri yake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, yeye akafanywa liwali. Mtoto aliyeletwa mjini akiwa mali ya mtu, akakalia kiti kilichokaliwa na bwana wake. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini walioiunga mkono TANU katika kupigania uhuru.

Tusiyafanye maisha hayo kuwa ngano ya kufurahisha tu. Kwa kila Ramiya mmoja walikuwapo maelfu waliokufa bila majina. Sheria ya kuukomesha kabisa utumwa Tanganyika ilitolewa mwaka 1922, yaani Ramiya alikuwa amekwisha kuwa liwali kabla utumwa haujafutwa na sheria.

Vita, reli na daftari

Mwaka 1888 Sultani alilazimika kuikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani. Watu wa pwani wakakataa. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye asili ya Kiarabu, na Bwana Heri bin Juma wa Sadani, waliongoza vita ambamo walipigana majumbe, Waarabu, watumwa na watu wa bara ya karibu. Umoja huo haukukosa migongano, lakini ulitosha kuwatoa Wajerumani katika sehemu kubwa ya pwani. Wajerumani wakamtuma Hermann Wissmann mwaka 1889, akiwa na askari wa Kisudani walioandikwa Misri na wengine waliotoka Msumbiji. Mwezi Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani. Kwa vita hivyo pwani yetu ilipata kundi jingine tena, wageni waliokuja na bunduki ya mgeni mwingine, na baadhi yao wakaoa na kubaki nchini.

Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao makuu yao hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam. Kisha wakajenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli hiyo iliiua biashara ya misafara. Wanyamwezi hawakushuka tena kwa maelfu, na Wahindi wengi wakaifuata biashara Dar es Salaam. Waliobaki walikuwa wale ambao Bagamoyo ilikuwa imekwisha kuwa kwao.

Waingereza walileta silaha ya namna nyingine, nayo ni daftari. Katika sheria zao mtu alikuwa "mwenyeji" wa Kiafrika au hakuwa, na mwenyeji alipaswa kuwa na kabila lake na mkuu wake. Sensa zao zilimgawa kila mtu kwa rangi, na Waafrika kwa makabila. Kwa mji kama Bagamoyo daftari hilo lilikuwa kama kutaka kuyapima maji kwa ufito. Mtoto wa Mmanyema na Mzaramo, aliyelelewa katika nyumba ya Mwarabu na asiyejua lugha ila Kiswahili, aandikwe nani? Zamani mpaka kati ya mwenyeji na mgeni uliweza kuvukwa kwa ndoa, kwa dini, kwa mali au kwa miaka. Daftari liliufanya kuwa jambo la sheria, na haki za mtu zikategemea safu aliyoandikwa.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Sensa ya mwaka 1967 iliuliza kabila; sensa zilizofuata hazikuuliza tena. Bagamoyo nayo iliendelea kupokea wageni. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 FRELIMO ilikuwa na shule yake hapo, na vijana wa Msumbiji walisoma humo nchi yao ikipigania uhuru. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Vijana kutoka kila pembe ya nchi wamejifunza humo ngoma za makabila ambayo si yao.

Kuuliza na kutouliza

Serikali ilipoacha kumwuliza mtu kabila katika sensa ilifanya jambo la busara, kwani haki ya raia haifai kupimwa kwa asili yake. Lakini kutouliza kwa karani si sababu ya mwanahistoria kunyamaza. Tukinyamaza kabisa, watakaosikika ni wale wenye nasaba ndefu za kujivunia, na wale ambao nasaba zao zilikatwa kwa mnyororo watasahauliwa mara ya pili.

Hapo pana mzigo kwa mwalimu. Mwalimu akiwaagiza wanafunzi kwenda kuwauliza wazee asili zao, ajue kwamba anagusa kidonda. Katika miji ya pwani wapo watu ambao hadi leo wataumia wakiambiwa hadharani kwamba bibi yao alinunuliwa. Basi wanafunzi wafundishwe kwanza kwamba aibu ya utumwa ni ya aliyenunua na aliyeuza. Wafundishwe kuuliza juu ya kazi, safari, mitaa, ngoma na maneno, kabla ya kuuliza juu ya damu. Neno "shule" lenyewe lilitoka kwa Wajerumani, "jemadari" na "gari" yalitoka Bara Hindi, "meza" kwa Wareno, na hakuna leo ayaonaye kuwa mageni. Kisha wafundishwe kutafuta nani hatajwi. Wakisikia mzee akitaja baba waliotoka ng'ambo, waulize kwa adabu juu ya mama.

Bagamoyo haikuwa mji wa usawa. Ilikuwa na mabwana na watwana, wadai na wadaiwa, waungwana na walioitwa washenzi. Lakini haikuweza kamwe kumzuia mgeni asiwe mwenyeji, kwa sababu kila aliyesimama kumzuia alikuwa naye amefika siku moja kabla. Mwanafunzi akilifahamu jambo hilo, atakuwa amejifunza kitu kinachofaa hata katika mji anamokaa yeye, maana miji michache sana ya nchi yetu ilijengwa na watu wa asili moja.